Matanga ya Mtu Mzima

Mama yangu aliwahi kumaliza chupa nzima ya dawa ya kikohozi, kijiko asubuhi na kijiko jioni, na hakuwa anakohoa. Nilikuwa nimerudi nyumbani Ruponda baada ya kujifunza ushonaji Nachingwea mjini. Cherehani yangu nilikuwa nimeiweka barazani, wateja walikuwa wachache, kwa hiyo muda wa kuchunguza mambo ya watu nilikuwa nao. Nikamwuliza dawa ile ya nini. Akasema ya kifua. Nikamwambia sijamsikia akikohoa tangu masika. Akanijibu kwamba basi dawa inafanya kazi.

Ukweli niliujua baadaye. Mama aligusa uvimbe kwenye ziwa la kushoto wakati anaoga. Akajipa moyo, akaenda zahanati peke yake, akamkuta tabibu mwanamume wa umri wa mwanawe, na ulimi ukamgomea. Mama hakuwa mtu wa kutamka neno ziwa mbele ya mwanamume, japo mwanamume mwenyewe alikua kwa kunyonya. Akasema, "Kifua kinanisumbua, mwanangu." Tabibu akamwuliza kama anatoa makohozi. Mama akaona kijana wa watu amemwuliza kwa adabu, si vizuri kumvunja moyo, akasema anatoa kidogo. Akapewa ile chupa, na kikopo cha kupelekea makohozi asubuhi yake. Makohozi hayakupatikana. Kikopo kilikuwa kizuri, kina mfuniko, tukakitumia kuwekea chumvi.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini mwishoni. Simu za mkononi huko kwetu zilikuwa bado hadithi, na saratani tuliijua kama ugonjwa wa watu wanaotajwa redioni.

Sisi ni Wamwera. Jirani yetu wa upande wa kisimani alikuwa Mngindo, ameletwa na ndoa kutoka Liwale, na hivyo alikuwa mtani wa mama. Mtani haombi, anachukua. Akipita uani akamkuta kuku mnene, huyo kuku amekwenda, na wewe mwenye kuku ukinuna unatozwa mwingine. Siku yake hasa ni siku ya msiba. Mtani ndiye anayeingia kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe, ndiye anayeiga mwendo wa marehemu na sauti yake, hadi wafiwa wanacheka huku makamasi yakiwatoka. Mama na mtani wake walianza kutukanana kila siku kabla ya chai. Siku wasipotukanana nilijua mmoja ana homa.

Mwaka ule, wakati mikorosho imeanza kutoa maua, zahanati ikapata nesi mpya, dada mmoja kutoka Njombe. Alikuwa na sauti ya kuimba kwaya na hakuwa na haya hata kidogo. Siku ya kliniki ya watoto akawakusanya wanawake wote barazani, waliokuja na watoto na waliokuja kutazama kama mimi na mama, akaanza kufundisha habari za matiti. Alilitaja neno lenyewe wazi, tena kwa wingi. Wanawake wakatazama chini, wengine wakaanza kuwanyonyesha watoto waliokuwa wamelala.

Alifundisha vizuri, nami nimeyashika maneno yake mpaka leo. Alisema mwanamke ajipapase mwenyewe kila mwezi, siku zake zikishaisha. Na ambaye siku zimekoma, achague tarehe asiyoisahau. Atumie matumbo ya vidole, siyo kubana kama anayechagua nyanya sokoni, azungushe taratibu ziwa zima mpaka kwapani. Kisha ajitazame. Chuchu iliyozama ndani wakati zamani ilikuwa nje, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, damu kwenye chuchu, yote hayo ayalete zahanati. Akasisitiza kwamba uvimbe usiouma siyo wa kupuuzwa, maana wengi hungoja maumivu na maumivu huja kwa kuchelewa. Akasema pia kwamba uvimbe mwingi siyo saratani, ila kwa kupapasa tu huwezi kujua upi ni upi.

Mama mmoja akauliza kama ni kweli kuweka hela kwenye sidiria kunaleta saratani. Nesi akasema siyo kweli. Wanawake wakashusha pumzi, kwa sababu benki ya karibu ilikuwa mjini.

"Mnielewe," nesi akaendelea, "uvimbe wenyewe unaweza kuwa mdogo kama korosho."

Hapo ndipo somo lilipoharibika. Yule dada wa Njombe alizijua korosho za pakiti, zilizokaangwa, na hakujua amesimama mbele ya watu gani. Mwanamke mmoja akataka kujua ni korosho yenye ganda au iliyobanguliwa. Mwingine akauliza kama ni nzima au kipande. Wa tatu akasema korosho za miti ya upande wa Mtua ni kubwa kuliko za kwetu, sasa nesi anapima kwa zipi. Mabishano yakawa makali, watu wakaonyeshana vidole gumba.

Katikati ya kelele hizo mama akanyoosha mkono. Mama hakuwahi kunyoosha mkono mkutanoni.

"Na ikiwa kama njugu mawe?" akauliza.

"Ya kuchemsha au kavu?" mtani wake akadakia, na wanawake wakacheka.

"Kavu," mama akasema. "Na haisogei."

Nesi akajibu kwamba ukubwa wowote ule, mtu aje amwone. Wanawake wengine wakarudia mabishano yao ya korosho. Lakini mtani alikuwa ameacha kucheka. Anamtazama mama pembeni, na mama anaitazama mikono yake mwenyewe.

Njiani kurudi, mtani hakupoteza muda. "Mtani, una njugu."

"Nimeuliza kwa niaba ya wengine."

"Wengine gani? Mtu wa niaba hawezi kujua kama haisogei."

Walipofika uani mtani akamshika mama mkono, wakaingia chumbani, pazia likashushwa. Mimi nilikuwa nyuma yao. Nikakaa kwenye cherehani na sikukanyaga pedali. Mtani alipotoka uso wake ulikuwa mzito. Akaniambia papo hapo, kwa sababu watani hawanong'oni: "Mama yako ana kitu kwenye ziwa, kigumu, na dawa ya kikohozi haijakitoa." Nikaelewa habari ya chupa na kikopo, nikatamani kucheka nikashindwa.

Nikamwomba mama aende kwa nesi kesho yake. Akasema atakwenda korosho zikiisha. Nikamwambia mama, korosho bado ni maua, zitaanguka mwezi wa kumi, mpaka ziishe na ziuzwe ni mwaka mpya. Akasema mwaka mpya siyo mbali. Nikambembeleza, nikalia, mwisho nikamtupia methali ya mficha maradhi kifo humuumbua, ile tuliyoimbishwa shuleni. Mama hakushtuka. "Iko na nyingine," akasema. "Mficha uchi hazai. Na mimi nimezaa. Nimekuzaa wewe mwenye mdomo huo."

Baba hakuambiwa kitu. Mama alisema ugonjwa ukishapewa jina unapata nguvu ya kukaa. Nilimkasirikia sana siku zile, nikashona suruali ya mtu miguu yote miwili upande mmoja. Niliogopa kumpoteza, na kilichoniuma zaidi ni kwamba ningempoteza kwa sababu ya neno moja la Kiswahili ambalo alikuwa hataki litoke mdomoni mwake.

Basi asubuhi moja, baba akiwa shambani anapulizia mikorosho salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ukungu, mtani akaingia uani kwetu amejifunga kanga kiunoni kama watu wa msibani, mkeka kwapani. Akautandika katikati ya uwanja. Akakaa, akanyoosha miguu, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kwa sauti iliyofika barabarani.

"Mtani wangu amekufa. Amekufa kwa haya. Maradhi yalikuwa madogo, haya ndiyo iliyokuwa kubwa."

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Wewe mwanamke una wazimu?"

"Marehemu alikuwa na matusi," mtani akalia, "hata kaburini ataendelea."

Kijijini kilio hakisubiri maelezo. Wa kwanza walikuja wanawake wawili wa nyumba ya jirani, wamejitupia kanga kichwani, wakakaa mkekani wakalia kwanza ndipo wakauliza nani amekufa. Wakaonyeshwa mama, aliyekuwa amesimama hapo hapo anachemka kwa hasira. Wangeweza kuondoka. Lakini walikuwa wameshakaa, na utani ni utani, wakaendelea kulia kwa sauti ya chini. Baada yao wakaja wenye kuni. Wakaja wenye unga kwenye ungo. Mzee wa msikiti akatuma mtu kuuliza saa ya kuzika, akaambiwa bado haijapangwa, itategemea marehemu mwenyewe. Mtani alikuwa anagawa urithi. Vyungu alimpa huyu, kanga za doti akampa yule, mtungi mkubwa akajipa mwenyewe, na mimi nikapewa kikopo cha chumvi.

Mama hakuwa na la kufanya. Kumkasirikia mtani ni kosa linalojulikana na kila mtu aliyekuwa pale. Na wageni wameshakuja, unga uko uani, kuni ziko uani, huwezi kuwaacha watu na njaa. Akawasha moto mkubwa, akasonga ugali wa matanga yake mwenyewe, akachemsha na majani ya kunde. Alikuwa anakoroga kwa nguvu mpaka sufuria ikazunguka.

Baba alitokea kwenye njia ya shamba akiwa na mashine ya salfa mgongoni na uso wa njano mtupu. Aliona mkeka, akaona kanga, akasikia kilio. Mashine ikateremka mgongoni bila yeye kujua. Sijawahi kumwona mwanaume anaanguka akiwa bado amesimama, lakini siku ile nilimwona.

"Nani?" akauliza.

"Mkeo," mtani akasema.

Wakati huo mama anapita mbele yake na sinia la ugali. Baba akamtazama, akamtazama mtani. "Lakini si huyu hapa?"

"Bado kidogo. Ana uvimbe kwenye ziwa, ameuficha, anangoja uuzwe pamoja na korosho. Nimeona nimlilie sasa hivi, nikiwa bado na sauti."

Lile neno ambalo mama alilikimbia mpaka akanywa dawa ya kikohozi sasa lilikuwa limesemwa mbele ya kijiji kizima, mbele ya mumewe mwenye uso wa njano, na mbingu hazikuanguka. Baba akavuta kigoda akakaa. Machozi yakamchora mistari kwenye ule unga wa salfa. Akasema kwa sauti ndogo, "Mke wangu, korosho zina thamani gani?" Mama akaweka sinia chini. Nadhani aliumia zaidi kwa mistari ile kuliko kwa kilio chote cha mtani.

Nesi naye alifika, amekuja kuhani kama jirani mwema, ameshika kitambaa cha kufutia machozi. Alipoelezwa akacheka mpaka akakaa, halafu akasimama na kumchukua mama chumbani. Alimpapasa kwa muda mrefu. Akatoka akasema hajui ni nini, na kutojua ndiyo sababu ya kwenda hospitali wiki hiyo hiyo. Akaandika rufaa.

"Matanga haya yanaondolewa lini?" mzee mmoja akauliza, maana alikuwa ameshakula.

"Akipanda gari," mtani akasema.

Watu wakatoa rambirambi kama ada ilivyo, na rambirambi hiyo ndiyo ilikuwa nauli yetu. Mama ndiye mtu pekee ninayemjua aliyesafiri kwa ubani wake mwenyewe. Alisema njia nzima kwamba akipona atairudisha kwa kila mtu, na mtani akamjibu kwamba maiti hairudishi ubani, ikae kimya.

Tulikwenda watatu kwenye hospitali ya misheni, mama, mtani na mimi. Baba alibaki na mikorosho, tukakubaliana hivyo. Daktari alikuwa mwanamume, mzee kidogo, ana miwani ya kamba. Akamwuliza mama shida yake.

"Kifu..." akaanza.

"Mtani," akasema mwenzake kutoka mlangoni, "sema mwenyewe, au nitasema mimi. Na mimi nikisema, wodi zote zitasikia."

"Ni ziwa, daktari," mama akasema. "La kushoto."

Daktari akaandika tu, kama mtu aliyeambiwa goti. Mama alinieleza baadaye kwamba hapo ndipo alipojisikia mjinga kuliko siku zote za maisha yake, na pia mwepesi.

Walimchukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano, kikapelekwa Dar es Salaam, tukarudi nyumbani kungoja. Siku za kungoja sitaki kuzisimulia. Mama alilima, akatukanana na mtani wake, akala vizuri. Mimi ndiye niliyekonda. Ilipofika siku ya majibu tukapanda tena gari watatu vilevile.

Daktari alituambia tukiwa tumekaa kwenye benchi moja. Ilikuwa saratani. Akasema imewahiwa, bado ndogo, na kwapani hajakuta kitu. Angekuja baada ya mwaka mpya, akasema, mazungumzo yangekuwa mengine. Ila ziwa litaondolewa.

"Lote?" mama akauliza.

"Lote, mama."

Mama akageuka kumtazama mtani. Nadhani alikuwa anangoja. Sote tulikuwa tunangoja. Mtani alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, hakusema neno. Nilimwona mama uso unabadilika, na kwa mara ya kwanza tangu safari ile ianze nikaona ameogopa kwelikweli. Alikuwa amevumilia uvimbe, nesi, sindano na kungoja majibu ya Dar es Salaam, lakini hakuwa tayari kwa mtani aliyenyamaza.

Tulipotoka nje akamshika mkono. "Ulinililia nikiwa nasonga ugali. Leo naambiwa nakatwa, unakaa kimya?"

"Nimeishiwa," mtani akasema. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tafuta."

"Sina, mtani."

"Nimekwambia tafuta. Ukinyamaza wewe nitajua kweli nakufa."

Mchana kutwa mtani alikaa kwenye ukumbi wa wagonjwa akitafuta. Nilimletea chai akaiacha ikapoa. Asubuhi iliyofuata walikuja kumchukua mama kwa kitanda cha magurudumu, wamemvika gauni la kijani, kichwa kimefungwa kitambaa, amekuwa mdogo kama msichana. Nikamshika mguu kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshikwa na manesi. Kitanda kikaanza kwenda. Mtani akakimbilia pembeni yake, kandambili zinapiga sakafu.

"Mtani," akasema huku anahema, "kuanzia leo utatembea umeinamia upande, kama baiskeli iliyobeba gunia moja. Nitakuwa napita nyuma yako nakusukuma usianguke."

Mama akacheka. Siyo kicheko cha adabu, kilikuwa kile cha kwetu uani, cha kutoka tumboni, nesi mmoja akasimamisha kitanda akauliza kuna nini. Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa bado tulikuwa tunamsikia.

Tulikaa sakafuni, mimi na mtani, mgongo ukutani. Sikuwa na kazi ya mikono, nikashona na kufumua pindo la kanga yangu. Mtani alisali kwa Kingindo, kimya kimya. Sikumwuliza anasema nini. Baadaye sana daktari akatoka, akavua kofia, akatupa ishara ya kichwa kwamba mambo yamekwenda vizuri. Nililia hapo hapo mbele yake, nikamshukuru mara nyingi mno mpaka akaondoka kwa aibu.

Alipozinduka jioni, mama hakuniona mimi kwanza. Midomo ilikuwa imekauka. Mkono wake ukapanda taratibu juu ya bandeji, ukapapasa, ukasimama pale palipokuwa tambarare. Akamtafuta mtani kwa macho mpaka akampata.

"Limekwenda?" akauliza.

"Limekwenda," mtani akasema. "Wewe umebaki."